Lundo la Pamba Fifi

Mwaka juzi tuliitwa semina, wauguzi wa wilaya tatu, tukajazwa kwenye ukumbi mmoja pale Bariadi wenye feni isiyozunguka. Daktari kijana aliyetoka mjini akatuonyesha picha ukutani: uzi mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, umefumwa ukawa kitambaa, na dawa imo ndani ya uzi wenyewe. Ukikiweka kitambaa hicho juu ya kidonda, akasema, dawa inatoka taratibu, siku baada ya siku, huna haja ya kufungua-fungua na kumtesa mgonjwa. Watu wakapiga makofi. Mwenzangu wa kulia akaninong'oneza, "Lini kitafika kwetu Zagayu hicho?" Tukacheka, maana glovu tu zinatutoa jasho. Mimi nilicheka nao, halafu nikatoka nje nikijifanya naenda chooni. Nilikaa juu ya tofali nyuma ya ukumbi, nikalia, mtu mzima na sare yangu nyeupe.

Kitambaa cha namna hiyo niliwahi kukitengeneza mimi. Si kwa mashine, kwa vidole hivi, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye cheti cha darasa la saba na mdomo mrefu. Nilimtengenezea mama yangu mzazi. Wote wanaohusika na habari hii wamekwisha kuzikwa, ndiyo maana leo nathubutu kuisema.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Siku hizo kwetu kulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni, mara ghafla duka la kijiji likajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikaanikwa chini mpaka barabarani, na redio zikalia kila mji. Kila kitu kilikuwepo. Ila zahanati, ambako zamani uliingia mikono mitupu ukatoka na dawa, sasa uliingia na ugonjwa wako ukatoka na karatasi: nenda kanunue. Pamba ya kidonda, kanunue. Bandeji, kanunue. Vidonge vya rangi mbili vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja dukani, kwenye kopo, karibu na mafuta ya taa, na muuza duka anakuhesabia kwa vidole vilivyotoka kushika sukari.

Sisi tulikuwa walima pamba, kama kila mtu. Na katika pamba, mama yangu alikuwa na jina. Wasiolima hawajui kwamba pamba ikitoka shambani inachambuliwa. Nyeupe, kavu, isiyo na jani wala doa, hiyo ni safi. Ya manjano, iliyoliwa na wadudu, iliyoanguka chini, hiyo ni fifi, nayo inauzwa peke yake kwa bei ya kusikitisha. Chama cha msingi cha ushirika kilipokuwa kinanunua, karani alikuwa anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, akitoa konzi anaipekua mbele za watu. Akikuta fifi ndani ya safi, unarudishiwa mzigo wako na aibu juu. Gunia la mama alikuwa hata halifungui. "Mayu, pita," anamwambia, mayu kwa Kisukuma ni mama, na mama anapita mbele ya foleni nzima, kichwa juu. Neno hilo la "pita" lilimtosha kwa msimu mzima. Hakuwa na kitu kingine cha kuringia, maskini.

Soko huria likaliondoa neno hilo. Walikuja wanunuzi binafsi na malori, wakaning'iniza mizani yao kwenye mti wowote, wakapima yote kwa pamoja. Safi, fifi, weka humo. Mama alipowauliza mbona hawatenganishi, kijana wa mizani akamjibu, "Mama, kwani shati linajua lilitoka gunia gani?" Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alirudi nyumbani akaendelea kuchambua vilevile: safi juu ya kichanja chumba cha ndani, fifi chini kwenye kona ya mlango. Nilimwambia, "Mama, unajichosha bure, siku hizi hakuna anayetazama." Akanijibu, "Mimi natazama." Ukaidi wake ulikuwa unanikera mpaka kichwa kinauma, na leo ningetoa kila nilicho nacho nikerwe nao tena.

Mwanzo wa mvua, wakati wa kulima, jembe la kukokotwa na maksai lilimpiga mguuni. Walikuwa wanageuza mwisho wa shamba, baba ameshika mipini, mama yuko mbele anaongoza ng'ombe, dume moja likashtuka likarudi nyuma. Ncha ya jembe ikamchana muundi, chini ya goti kidogo, nyama ikafunguka. Baba alifunga kwa shati lake. Tulidhani ni jambo la wiki mbili.

Ilipofika palizi, kidonda kilikuwa sawa na kiganja cha mkono. Ulipofika wakati wa kupunguzia miche, kilikuwa kinanuka. Nasema kama kilivyokuwa: ukifungua mlango wa chumba chake, harufu inakupokea kabla yake. Tulikuwa tunanunua vidonge vya rangi mbili, tunavipasua, unga wake tunaunyunyizia juu ya nyama, halafu tunafunga kwa kipande cha shuka la mtumba. Kila mtu alifanya hivyo, hata watu wa kanisani walishauri hivyo. Lakini unga ulikuwa unaoshwa na usaha saa hiyohiyo, na kitambaa kilikuwa kinaganda. Kesho yake ukikibandua kinatoka na kanyama kapya kote kalikoota. Mama alikuwa anauma upindo wa khanga nami nabandua. Hakuwahi kunipigia kelele. Mimi ndiye niliyekuwa nawapigia kelele kuku, mbuzi, na yeyote aliyepita.

Mganga wa zahanati alikuwa mzee mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Hakuwa na cha kunipa, ila siku moja alinipa neno. Nilimwuliza kwa hasira, "Sisi tunalima pamba mpaka tunalala juu yake, iweje tununue pamba ya kidonda dukani?" Akasema, "Pamba ya shambani ina mafuta, binti. Itupie kwenye maji uone. Haizami. Kitu kisichonywa maji hakiwezi kunywa usaha. Ichemshe na magadi kwanza."

Nilirudi nyumbani nikafanya. Nikachukua pamba safi ya mama iliyobaki ya mwaka uliopita, nikang'oa mbegu kwa vidole, nikaichemsha na magadi kwenye sufuria mpaka maji yakawa ya kahawia. Nikaiosha, nikaianika. Kisha nikatupa konzi moja kwenye bakuli la maji. Ikazama. Weee! Nilimwita mama aje aone, nikasahau kwamba hawezi kutembea, nikambebea bakuli mpaka kitandani.

Hapo ndipo akili ikanijia, na sikufundishwa na mtu. Niliifumua pamba ile mpaka ikawa nyembamba unaona mkono upande wa pili. Nikatandaza tabaka, nikanyunyiza unga wa kidonge kidogo sana, tabaka jingine, unga tena, tabaka tena. Nikairashia maji yaliyochemka ili unga uingie kwenye nyuzi, nikakausha juani katikati ya vitambaa viwili. Ikatoka ya duara, imeshikana. Mama akaiangalia. "Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "umenipikia chapati?" Tangu siku hiyo tukaiita chapati. Nilimfunga nayo, na safari hii sikufungua kesho yake. Niliacha siku mbili, halafu tatu, halafu nne. Dawa ilikuwa ndani, ikitoka polepole, na pamba ilikuwa inakunywa ule uchafu bila kung'ang'ania nyama.

Wiki ya pili harufu ikapungua. Mwezi haukuisha kabla kingo hazijawa na rangi ya waridi, nyama mpya, chembe chembe. Kidonda kikashuka kutoka kiganja mpaka kifuniko cha kibiriti, kutoka hapo mpaka kisoda. Yule mganga mzee alipokiona alivua miwani. "Nani kakufundisha?" "Hakuna." "Basi nenda kasome unesi, unafanya nini hapa?" Aliposema hivyo mama alikuwepo, na njiani, huku anachechemea na fimbo yake, akaniahidi: mguu ukifunga kabisa, atamwambia baba auze dume moja nikasome. "Mguu huu ndio cheti chako," akasema. Basi mimi nikawa nautunza mguu ule kwa tamaa mbili, ya mama na ya kwangu. Nilijivuna, sitaficha. Nilitembea kijijini kama daktari mkuu.

Pamba ya mwaka huo ikavunwa. Nilikwenda na baba kuuza mizigo ya kwanza. Foleni nzima ilikuwa na magunia yaliyovimba. Watu walikuwa wameanza ule mchezo, kila mtu anajua: unairashia pamba maji, unaitia mchanga, inakuwa nzito, na mnunuzi kwa haraka zake na lori lake hajali, naye atatia yake kabla ya kufika kwenye kinu cha pamba. Gunia letu lilipopandishwa kwenye mizani, mkono wa mizani haukusogea sana. Jirani mmoja akasema kwa sauti, "Hawa wanauza manyoya ya kuku!" Kicheko. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, na siku ile nilimwona amekuwa mfupi. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilikuwa nachemka. Nilijua mama hatakubali, kwa hiyo sikumwuliza. Nikafanya hesabu zangu za kijinga: safi sitaigusa, kwanza ni fahari yake, pili ndiyo ya kutengenezea chapati za mguu. Fifi je? Fifi ni takataka tayari, nani atalia? Na kwa uvivu wangu sikwenda mtoni kufuata mchanga. Zizi lilikuwa hapo hapo. Udongo wa zizi ni mwororo, mzito, umekanyagwa na kwato mpaka umekuwa unga. Nikajaza debe, nikakoroga na maji, nikamsubiri mama ashuke kisimani kwa jirani kupiga soga.

Nilipokuwa natoka na debe langu kwenye mlango wa zizi, baba akawa anarudisha ng'ombe. Akaliangalia debe. Akaniangalia mimi. Kisha akawaswaga ng'ombe wake akapita. Nikalimwagia lundo lote la fifi, nikaligeuza kwa uma, nikamwagia tena. Kwa upepo mkavu wa Julai ile, kufika kesho yake jioni lilikuwa limekauka, huoni kitu.

Sasa kuna jambo moja la mama yangu ambalo sijalisema. Alikuwa haamini kwamba mtu, hata yeye mwenyewe, anaweza kuchambua mara moja akamaliza. Kila msimu alikuwa anarudia lundo la fifi, konzi baada ya konzi, akitafuta nyeupe zilizotupwa kimakosa. "Humu kuna watoto wazuri wamefungwa pamoja na wezi," anasema, na akiipata moja nyeupe anaipuliza, anaikung'uta, anaipeleka ndani kwenye kichanja. Nilimwona akifanya hivyo tangu naanza kutambaa. Mtu ataniuliza, hukukumbuka? Sikukumbuka. Msimu ule alikuwa hajafanya, kwa sababu mguu haukumruhusu kuinama pale kwenye kona ya mlango. Mguu ulikuwa mbovu, mimi nikauponya, na uliporudi kupata nguvu akaenda moja kwa moja kwenye lundo la fifi akakaa chini akaanza kazi. Mimi nilikuwa shambani nang'oa mabua. Macho yake yalikuwa yamepungua. Vumbi aliliona, akadhani ni vumbi la upepo.

Siku mbili tatu baadaye nikachukua pamba kwenye kichanja, pale juu, nikatengeneza chapati. Nilichemsha na magadi kama kawaida. Maji yakawa ya kahawia, nayo yalikuwa ya kahawia siku zote. Nikatandaza, nikanyunyiza dawa, nikakausha, nikamfunga mama. Kidonda kilikuwa kimebaki kama punje ya maharage. Nikamwambia, "Hii ndiyo ya mwisho, mama, hii hatufungui mpaka wiki iishe." Akasema, "Wabeja, nesi." Wabeja ni asante. Alianza kuniita nesi hata kabla dume halijauzwa.

Wiki iliisha. Nilifungua, nikaona pekundu kidogo pembeni, nikaweka nyingine kutoka kwenye pamba ileile. Siku mbili baada ya hapo, asubuhi, tulikuwa tunakula michembe, viazi vile vilivyokaushwa. Mama akaweka kipande mdomoni, akakitoa. "Taya limekaza," akasema. "Labda nimelalia vibaya." Nikamkanda kwa maji ya moto. Mchana shingo nayo ikakaza. Siku iliyofuata nilidondosha kifuniko cha sufuria, mlio tu wa kifuniko, mama akapinda mgongo akawa upinde, meno yameumana, anaguna. Nilipiga ukunga majirani wakajaa.

Wapo waliosema amerogwa. Baba hakutaka kusikia. Alimfunga kwenye baiskeli na khanga mbili, tukamsukuma mpaka barabara kubwa, tukapata gari la mizigo mpaka hospitali. Wakamlaza chumba chenye giza, madirisha yamefunikwa kwa blanketi, na wakatukataza hata kukohoa, maana kila sauti ilikuwa inamkunja. Pepopunda, wakatuambia. Nesi mmoja, mama wa makamo mwenye mikono mepesi, akamfungua mguu. Akaibandua chapati yangu, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akayaachanisha matabaka kwa kidole. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Katikati ya tabaka na tabaka, pale nilipokuwa nimetandaza dawa yangu kwa ufundi wangu wote, kulikuwa na chembe nyeusi, na kipande kidogo cha nyasi iliyotafunwa, ile inayotoka kwenye mavi ya ng'ombe.

"Mmeweka nini humu?" nesi akauliza, kwa sauti ya chini.

Mama alikuwa bado anaweza kusema kwa shida, meno yamefungwa, maneno yanapenya kama moshi kwenye ufa. Alisema, "Pamba safi." Nesi akainama kumsikiliza. "Nimeichambua mwenyewe. Hata kwenye fifi... nimeokoa nyeupe nyingi. Nimezikung'uta." Akapumzika. Kisha akageuza macho, kichwa hakikugeuka, macho tu, akanitafuta. "Muulize mwanangu."

Mungu wangu. Ndiyo saa niliyoelewa yote, debe, lundo, kichanja, sufuria, kila kitu kwa mara moja. Nesi alinigeukia. Mama alikuwa ananiangalia, anasubiri nimtetee, kwa sababu katika maisha yake hakuna aliyewahi kumrudishia gunia.

"Ni safi, nesi," nikasema. "Na nimeichemsha."

Sasa nimesoma, najua. Najua kuchemsha hakuui mbegu za ugonjwa ule, zinakaa kwenye udongo wa zizi miaka na miaka na maji ya moto hayazitishi. Najua pia kwamba lile jibu langu halikubadilisha dawa aliyopewa, waliosha kidonda, wakampa walichokuwa nacho. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Haisaidii kitu. Sikudanganya ili kumwokoa, nilidanganya nikiwa nimesimama mbele ya mtu anayekufa ili asijue ni nani.

Alikaa siku sita. Mwisho macho tu ndiyo yalikuwa yake, na kila nilipoingia yalinifuata.

Tulimzika nyumbani. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuja na watu wake kutoka upande wa ziwani, Kalemela. Walikuwa wengi, nyumba ikawa ndogo, ikabidi pamba itolewe nje ili wageni wapate pa kulala. Mjomba mwenyewe alishika kazi ya kubeba. Alikuwa mkulima wa pamba kama dada yake, na mkono wake ulijua uzito. Aliposhika konzi ya fifi akasimama. Akaikung'uta juu ya kiganja. Udongo ukashuka. Akanusa.

"Dada yangu hakuwahi kulala nyumba moja na pamba ya namna hii," akasema. Habari za hospitali alikuwa amekwisha kuzisikia. Wala hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini baba, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka wa wanaume, aliinuka kwanza.

"Mimi," akasema.

Mjomba alimwendea mpaka wakakaribiana pua. "Shemeji, ulimtandikia dada yangu zizi ndani ya kidonda." Akamnyooshea kidole. "Kwetu usikanyage tena. Hata ukisikia nimekufa, usikanyage." Akamwaga ule udongo miguuni pa baba, na watu wake wakafungasha siku hiyohiyo, kabla ya matanga kwisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko, na mdomo wangu, ule uliokuwa unamkemea kila kuku, ukakosa neno moja.

Mwaka uliofuata baba aliuza dume. Hakusema kwa nini, alinikabidhi fedha za ada na sanduku la bati, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Nikasoma unesi. Kila likizo nilirudi nikimkuta anachambua pamba peke yake, vibaya, vidole vyake vilikuwa vya mpini si vya pamba. Hakuna aliyekuwa anadai ichambuliwe. Mjomba alipofariki, baba alisafiri mpaka Kalemela. Wakwe walimzuia njiani. Alikaa chini barabarani, mbali na mji, tangu asubuhi mpaka waombolezaji walipotawanyika, watu wanampita wanamwona, halafu akarudi. Alinihadithia mtu mwingine. Yeye hakunihadithia.

Alipozeeka kisukari kikampata, na mguu ukaanza kuoza kuanzia kidole gumba. Akalazwa kwenye wodi yangu. Kila asubuhi nilikuwa nasukuma trei yangu mpaka kitandani kwake, navaa glovu, namfungua, namwosha. Kwa mikono yangu nilikuwa naona kila siku kwamba mguu ule hautapona. Naye alikuwa anajua. Siku moja nikasema moyoni, sasa. Wodi ilikuwa imetulia, nilikuwa nimeushika unyayo wake.

"Baba," nikamwambia, "ile pamba ya mama..."

"Nyamaza," akasema. Hakupaza sauti. "Siku ile nilikuona na debe, nikapita. Nilitaka gunia liwe zito. Nilipowaambia ukweni ni mimi, sikusema uongo mwingi." Akavuta pumzi. "Lakini ukisema wewe leo, basi mimi nilikaa barabarani kule Kalemela kwa ajili ya nini?"

Nikachukua pamba kwenye trei nikaanza kufunika kidonda. Akauvuta mguu kidogo.

"Hiyo ni ya hospitali," akauliza, "au ya nyumbani?"

"Ya hospitali, baba."

Akaurudisha mguu mikononi mwangu.